Jambiani mara mbili: kisa cha kikoba chetu na kalenda ya pepo

Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2024, yapata saa sita mchana, wanawake kumi wa kikoba, kikundi chetu cha kuweka akiba na kukopeshana, kutoka Ipagala, Dodoma, tulisimama ufukweni Jambiani, kusini-mashariki mwa Unguja. Mwenzetu mmoja, mkulima wa zabibu ambaye hajawahi kuiona bahari maishani mwake, akauliza kwa sauti ndogo: "Sasa bahari yenyewe iko wapi?" Mbele yetu kulikuwa na mchanga mweupe uliolowa, vidimbwi, vijiti vya mwani vimejipanga kama shamba, na ngalawa zimelala ubavu. Maji yalikuwa mstari mwembamba kule mbali kwenye mwamba. Jioni mvua ikaanza, na mpaka tunaondoka Jumatatu tulikuwa tumeliona jua kwa saa chache tu.

Oktoba mwaka huohuo tulirudi kijiji kilekile, tukalala nyumba ileile. Tukaogelea, hata wale wasiojua kuogelea, kwa maana ya kukaa majini mpaka vidole vikakunjamana. Safari hiyo bado inasimuliwa kila Jumamosi tunapokutana kununua hisa.

Mahali hapakubadilika, wala watu. Kilichobadilika ni tarehe. Ndiyo maana nimeona kisa hiki kinafaa kuandikwa chote, na naandika kama katibu wa kikoba ambaye tarehe ile ya kwanza aliipendekeza mwenyewe.

Tarehe ya kwanza ilivyopatikana

Tulikuwa tumechanga shilingi 5,000 kila mmoja kwa wiki, nje ya hisa, kwa mwaka mzima. Shilingi 260,000 kwa mtu. Kikao cha kuamua tarehe kilichukua kama nusu saa, na hoja zilikuwa nne.

Ya kwanza ilikuwa sikukuu: Pasaka inatoa siku nne mfululizo, hakuna wa kuomba ruhusa kazini. Ya pili, mavuno ya zabibu ya Februari na Machi yatakuwa yamekwisha. Ya tatu, mwenzetu mwenye gesti karibu na Bunge alisema lazima tuwe tumerudi kabla Bunge la Bajeti halijaanza Aprili, kwa sababu kuanzia hapo mpaka mwisho wa Juni hawezi kutoka hata kwenda sokoni. Ya nne ilitoka kwangu. Nilisema, "Mwisho wa Machi mvua zinaisha."

Hakuna aliyepinga, kwa sababu kwa Dodoma ni kweli. Mvua yetu ni moja. Inaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, tunapanda mtama, uwele, alizeti na karanga, na ikifika Aprili imekata. Huo wote, Desemba hadi Aprili, ndio wengi wetu huku tunaouita masika. Kinachobaki ni kiangazi, vumbi na upepo.

Pwani neno ni hilohilo lakini miezi siyo. Kule masika ni Machi, Aprili na Mei. Halafu wana mvua nyingine ndogo zaidi, vuli, Oktoba hadi Desemba. Kwa hiyo niliposema mvua zinaisha, Unguja ndipo zilipokuwa zinaanza. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutenganisha mambo haya kila mwaka: kuna utabiri wa mvua za msimu, ambao unatuhusu sisi wa kanda ya kati, na kuna utabiri wa vuli na wa masika, ambao unawahusu wa pwani ya kaskazini, Unguja na Pemba miongoni mwao. Niliusikia redioni wa kwetu, nikaridhika. Wa kwao sikuutafuta.

Jambo linaloshangaza ni kwamba Dodoma na mji wa Zanzibar viko karibu kabisa kwenye mstari mmoja, nyuzi 6 na kidogo kusini mwa ikweta. Ukitoka Dodoma ukaenda mashariki bila kupinda, unatua Unguja. Jua linapita juu ya vichwa vyetu siku zilezile. Lakini sisi tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ndani ya bara, na mvua yetu ya mwaka mzima haifiki milimita 600 katika mwaka wa kawaida. Unguja hupata kama 1,600, na Pemba zaidi ya hapo. Aprili peke yake inaweza kuwamwagia nusu ya mvua yetu ya mwaka au hata zaidi. Aliyezoea mvua ya Dodoma, inayopiga saa moja ikaisha na ardhi ikainywa yote, hana picha ya masika ya pwani. Nami sikuwa nayo.

Hoja ya tano hatukuiita hoja. Mwenzetu mmoja, wa kumi na moja, alisema, "Mimi siendi, jamani. Huo ni mwezi mtukufu." Tukamwambia tunaelewa, tukamrudishia mchango wake, tukaendelea. Nimelifikiria sana hilo baadaye. Alitupa taarifa kuhusu kisiwa, sisi tukaipokea kama taarifa kuhusu yeye. Ramadhani ya mwaka ule ilianza karibu na tarehe 12 Machi na kwisha tarehe 9 Aprili. Katika Ramadhani, Unguja migahawa mingi ya mtaani hufungwa mchana, na kula hadharani ni jambo linaloweza kumfikisha mtu polisi. Ni haki yao kabisa, ni mwezi wao. Aliyekosea ni mgeni asiyetazama kalenda. Sisi tulikula chumbani mikate tuliyonunua Dar es Salaam, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua, na jioni wenyeji walipofuturu wakatuletea uji na mihogo ya nazi. Chakula hicho ndicho tulichokisifia Dodoma tuliporudi.

Kuna ishara nyingine tuliyoipita. Nyumba tuliipata kwa chini ya nusu ya bei ya Desemba, na kikao kilipiga makofi. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Hoteli nyingi za kisiwani hupunguza bei miezi hiyo, na baadhi hufunga kabisa Aprili na Mei kufanya ukarabati. Bei ile ilikuwa utabiri wa hali ya hewa, umeandikwa kwa shilingi.

Alichotuambia mama wa mwani

Jumapili asubuhi mvua ilipotulia tulishuka kwenye mchanga. Mama mmoja wa makamo alikuwa anarudi kutoka kwenye mwani wake, kitenge kimekunjwa hadi magotini. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia, akatuuliza tunatoka wapi. Tulipomwambia Dodoma, na kwamba tumekuja kuogelea, alitutazama kwa huruma ya kweli.

"Wanangu, mbona mmekuja maleleji?"

Hatukujua maleleji ni nini. Akatueleza tumesimama palepale. Maleleji ni wakati pepo zinapobadilishana: kaskazi imechoka, kusi haijashika. Upepo hauna msimamo, leo unatoka huku kesho kule, na kati yao ndipo masika inapoingia. Kisha akauhesabu mwaka wake. Kaskazi, Desemba hadi Machi hivi: joto, jua, upepo kutoka kaskazini-mashariki. Kusi, kuanzia Aprili au Mei: inakuja na mvua, halafu Juni, Julai na Agosti inakuwa kavu, kuna ubaridi, na bahari ya nje inachafuka. Baada ya hapo demani, mwisho wa kusi, upepo umelegea na bahari imetulia. Halafu vuli, halafu kaskazi tena.

Nilimuuliza, kwa hiyo mvua zinaisha lini? Akasema: "Nyinyi wa bara mnauliza mvua. Sisi tunauliza pepo. Mvua inafuata pepo."

Sentensi hiyo niliiandika kwenye daftari la kikoba, ukurasa wa mahudhurio, kwa kuwa ndio niliokuwa nao mkononi. Naamini ndiyo kiini cha kisa chote. Mtu wa Dodoma anahesabu mwaka kwa mvua kwa sababu mvua ndiyo inayoamua kama atakula. Mtu wa kisiwani anahesabu kwa upepo kwa sababu upepo ndio ulioamua, kwa karne nyingi, nani anafika na nani anaondoka. Majahazi ya Uarabuni, Ghuba ya Uajemi na India yalikuja na kaskazi yakarudi na kusi. Ukiingia kwenye kisiwa cha namna hiyo na swali moja tu, "kunanyesha?", umeacha maswali muhimu zaidi.

Akaongeza jambo la pili, lililojibu swali la mwenzetu wa zabibu. Ufukwe wa mashariki ni tambarare mpaka kwenye mwamba, kwa hiyo maji yakipwa yanaondoka mbali sana, hata zaidi ya kilomita moja mahali pengine. Wakati wa bamvua, siku za karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hupwa sana na kujaa sana, na huku kupwa kwenyewe huangukia kuanzia asubuhi hadi mchana. Ndipo kina mama wanapokwenda kwenye mwani. Wakati wa maji mafu, baada ya nusu mwezi, tofauti ni ndogo, na maji hujaa mchana. Mwezi mpevu ulikuwa tarehe 25 Machi. Sisi tulifika siku nne baadaye, adhuhuri, bahari ikiwa imeondoka kama ilivyotarajiwa na kila mtu kijijini isipokuwa sisi.

Alipoagana nasi alisema, "Njooni demani, mtaiona bahari."

Kuipanga tarehe ya pili

Tulichukua miezi miwili kukubaliana kama tunarudi. Wawili walisema pesa zile zingenunua mabati. Aliyebadili mawazo yao, nadhani, ni mkulima wa zabibu, aliyesema hawezi kufa akiwa ameona bahari iliyokimbia. Tukapandisha mchango hadi shilingi 10,000 kwa wiki.

Safari hii tulibandika kalenda ukutani, tukachora kwa kalamu tatu: pepo na mvua za Unguja, mwezi, na shughuli zetu za Dodoma. Kazi ilikuwa kubwa zaidi ya nilivyotarajia, kwa sababu kila mwezi mzuri wa kisiwani ulikuwa na mwenyewe huku.

Juni tuliipenda haraka: masika imekwisha, shule zimefungwa, walimu wetu wawili wako huru. Lakini Bunge la Bajeti linaendelea, mwenye gesti hatoki, na mhasibu wetu anafunga vitabu vya mwaka wa fedha tarehe 30 Juni. Julai ilikuwa na mvuto wake, kuna Mwaka Kogwa kule Makunduchi, jirani kabisa na Jambiani. Hapo mjumbe mmoja alisema hatavuka Julai kamwe. Anaikumbuka tarehe 18 Julai 2012, meli ya MV Skagit ilipozama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitokea Dar es Salaam, bahari imechafuka kwa kusi. Hakuna aliyejaribu kumbadilisha. Hofu ya namna hiyo ina sababu, na mkondo ule kwa kweli hutikisa zaidi miezi hiyo. Nahodha mmoja aliwahi kunieleza kwamba wakati wa kusi kwenda Unguja ni afadhali kuliko kurudi, kwa sababu unakwenda na upepo mgongoni na unarudi ukiukabili. Kaskazi ni kinyume chake. Kwa anayetapika kirahisi, ni vizuri kujua ni mguu upi wa safari utakaomsumbua.

Agosti na Septemba ni mavuno ya pili ya zabibu, na aliyeililia bahari ndiye mwenye zabibu. Desemba shule zimefungwa, kaskazi imeanza, ila Dodoma ni wakati wa kupanda na mvua ya kwanza haimsubiri mtu. Bei nazo Krismasi na Mwaka Mpya hupaa. Januari na Februari ni nzuri sana kisiwani, kavu na moto, wakati Dodoma tuko kwenye tope. Walimu wakasema shule zimefunguliwa, na Februari zabibu tena.

Ikabaki Oktoba. Tarehe 14 Oktoba, Siku ya Nyerere, mwaka 2024 iliangukia Jumatatu. Walimu waliomba ruhusa ya Ijumaa moja. Bunge halikuwa kwenye vikao, zabibu zimeshauzwa, vitabu vya mhasibu vimekwisha kufungwa. Upande wa kisiwa: kusi imelegea, demani. Upande wa mwezi: nusu mwezi tarehe 10, mwezi mpevu tarehe 17. Kwa hiyo tarehe 11 hadi 14 ni maji mafu, na maji yanajaa mchana. Upande wa dini: hakuna mfungo. Yule mwenzetu aliyebaki mara ya kwanza tulimuomba aseme wa kwanza safari hii, akatazama kalenda na kusema, "Hii sawa."

Hatari moja tuliiona mapema na hatukuweza kuifuta. Oktoba ndipo vuli huweza kuanza. Mwaka wa El Niño, kama ule wa 2023, vuli hupiga kwa nguvu, na mpango huuhuu mzuri wa pepo na mwezi ungetuangusha kwenye mvua tena. Kwa hiyo tulikubaliana kutolipa nyumba mpaka utabiri wa vuli wa Mamlaka ya Hali ya Hewa utoke, na baada ya kuusoma, kwamba mwaka ule mvua hazikutarajiwa kuwa kubwa, ndipo tukatuma malipo. Bei ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya Machi. Tulilala wanne wanne chumbani.

Siku tatu za demani

Treni ya umeme ilikuwa imeanza safari za Dodoma mwishoni mwa Julai mwaka ule. Nauli ya kawaida ilikuwa shilingi 31,000, na safari ambayo kwa basi ilikula usiku mzima ikawa ya asubuhi moja. Naitaja kwa sababu ilibadilisha hesabu ya siku: Ijumaa tuliondoka Dodoma, na jioni ileile tulikuwa Jambiani tukinywa chai ya tangawizi. Tiketi za wikiendi ndefu huisha mapema, hilo tulilisikia na tukanunua mapema.

Jumamosi na Jumapili, kati ya saa sita na saa nane mchana, maji yalikuwa yamefika karibu na minazi. Hayakuwa na kina cha kutisha, kwa kuwa maji mafu hayajai kupita kiasi, na upepo ulikuwa wa kupunga tu. Kwa watu kumi na mmoja ambao tisa hatujui kuogelea, sidhani kama kuna hali nzuri zaidi ya hiyo. Mkulima wa zabibu aliingia na gauni lake, akakaa chini maji yakimfika kifuani, na hakusema neno kwa muda mrefu. Nilikaa karibu naye. Baadaye aliniambia alikuwa anasikiliza.

Mvua ilinyesha Jumamosi usiku, kama saa moja, kwenye mabati. Asubuhi mchanga ulikuwa umekauka. Hiyo ndiyo vuli ya siku zetu tatu.

Lazima niseme pia ambacho Oktoba haikutupa. Vijana wanaoteleza majini kwa tiara kule Paje walikuwa wachache na waliokuwepo walilalamika, upepo hautoshi. Wao miezi yao ni ya kaskazi na kusi zikiwa na nguvu, hasa Januari na Julai. Na mama wa mwani tulimkuta nyumbani, kwa kuwa maji mafu si siku zake za kazi. Alicheka alipotuona, akauliza, "Mmekuja demani?" Siku iliyokuwa njema kwetu haikuwa siku ya kazi kwake. Kwa hiyo anayeniuliza mwezi gani ni mzuri kwenda Unguja, namrudishia swali: unakwenda kufanya nini, na utakaa upande gani? Kama tungelazimika kwenda Julai, ningewapeleka Kendwa, upande wa kaskazini-magharibi, ambako kisiwa chenyewe kinakinga kusi na maji hayaendi mbali yakipwa. Mwezi na upande wa kisiwa huchaguliwa pamoja. Sisi mara ya kwanza tulichagua upande kwa picha na mwezi kwa sikukuu.

Na Aprili? Sitasema hakuna wa kwenda. Anayetaka utulivu, Mji Mkongwe bila msongamano, bei ndogo, na havunjwi moyo na kukaa kibarazani akitazama mvua, ataipata. Aende tu akijua. Ila mwanzoni mwa Mei 2024, mwezi mmoja baada ya Pasaka yetu, kimbunga Hidaya kilifika Mafia, na boti za Dar es Salaam na Unguja zilisimamishwa. Vimbunga kwenye pwani yetu ni nadra, lakini nilipoisikia habari ile redioni nilihesabu siku.

Sasa wanataka Mafia. Papa potwe huonekana karibu na Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Machi hivi, na mkulima wetu wa zabibu, ambaye kabla ya Pasaka ile hakuwa ameiona bahari, anataka kumwona samaki mkubwa kuliko wote duniani. Februari hawezi, amesema. Kalenda mpya iko ukutani kwa mwenye gesti, kalamu tatu zimefungwa kwa uzi kwenye msumari. Kikao ni Jumamosi.